Jina la Kuitwa Ndivani

Sogeeni karibu. Mwenye mtoto anayesinzia amlaze sasa hivi, maana hadithi hii nikishaianza halali mtu. Nimewahi kuisimulia matangani, nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwenye foleni ya kliniki, na kote huko watu waliishia kunigombeza mimi kana kwamba ndimi niliyekausha chemchemi. Leo nawaomba mniache mzima.

Palikuwa na kijiji milimani kikiitwa Mbareni, na katika kijiji hicho palikuwa na watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza aliitwa Mbonea. Kipaji chake kilikuwa kutosogea. Alipokuwa mdogo mama yake alimwambia atoke mlangoni apishe mbuzi, akakataa. Mama akachukua fimbo, fimbo ikavunjika, na Mbonea yupo palepale. Mbuzi walipita dirishani siku hiyo.

Wa pili alikuwa mwanamke, Nakijwa. Kipaji chake kilikuwa kusubiri. Wewe na mimi tukiambiwa "njoo kesho" mara tatu tunatukana na kuondoka. Nakijwa akiambiwa njoo kesho alikuja kesho, na kesho yake tena, amevaa kanga ileile iliyonyooshwa vizuri, mpaka karani mwenyewe anaona haya.

Wa tatu aliitwa Kadeghe. Kipaji chake kilikuwa kusema na asiyemjua. Angeweza kumsimamisha mgeni njiani, mtu ana safari zake, akamweleza habari ya ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu, na yule mgeni akaondoka anajifuta machozi. Watu walimtania kwamba angezaliwa mjini angekuwa mchungaji au tapeli.

Sasa, Mbareni hawalimi kwa kutegemea mvua peke yake. Mababu walijenga ndiva, bwawa la mawe na udongo chini ya chemchemi. Usiku maji yanajikusanya, asubuhi kizibo kinachomolewa, maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Udongo wa kusiriba ni wa kichuguu, unakandwa kwa miguu, na kila mwaka kabla ya kulima kijiji kizima kinaingia ndivani kuziba nyufa. Asiyekuja anatungiwa wimbo wa kumsimanga, na wimbo wenyewe utaimbwa hata siku anaposa mke.

Mlinzi wa ndiva alikuwa mama mmoja, Naetwe. Kabla hajachomoa kizibo, lazima asimame ukingoni na kuita jina. Jina moja tu. Aliyeitwa anaitika kutoka shambani, watu wa mfereji wake wanafungua njia, na mifereji mingine yote inafungwa. Hayaitwi majina mawili, na si kwa roho mbaya. Maji yakigawanywa njiani yanakuwa membamba, ardhi inayanywa, na hakuna shamba linalolowa.

Na kuna kanuni moja ya zamani kuliko zote. Maji yakikatika, kisha yakarudi, jina la kwanza kuitwa ni la mtu aliyeyarudisha. Enzi za mababu hili halikuwa na utata. Mlima ukiporomoka ukaziba chemchemi, fulani kapanda na jembe, kazibua, basi aitwe fulani. Hakuna aliyewahi kubishana.

Ndipo ikaja kampuni ya maua.

Ilitoka ng'ambo, ikiwa na ruhusa ya wakubwa. Ikajenga nyumba za nailoni huko bondeni, kubwa kuliko kanisa, na ndani yake ikapanda mawaridi. Kisha ikapanda mlimani na kuweka bomba kwenye mdomo wa chemchemi, juu ya ndiva. Maji yakaanza kupita kichwani mwa Mbareni kwenda kunywesha ua lisilopikika. Mawaridi yalikatwa asubuhi, yakapakiwa kwenye malori ya barafu, yakapanda ndege, na keshoye yako mezani kwa mtu ambaye hajui kama kuna mahali panaitwa Mbareni. Ndiva ikabaki na tope, halafu vumbi. Maharage yakakauka yakiwa na maua, mahindi yakasimama bila kubeba. Watu wakaanza kula mlo mmoja, na wengine wakaanza kusahau mlo wenyewe huliwa saa ngapi.

Mbonea akasema, "Barabara ya malori inapita kwetu. Tukae barabarani." Akachukua watu, wakapanga mawe, wakakaa. Walipigwa virungu wakakimbia, wakarudi. Mbonea hakukimbia. Kando yake alikaa mpwa wake, Sifaeli, mtoto wa dada yake Nanzia, kijana aliyekuwa amechumbia mwezi ule. Lori moja likaja na halikusimama. Mbonea alivunjika mguu, na Sifaeli akafia palepale kwenye mawe. Wakati wa mazishi Mbonea alimwambia dada yake, "Mimi ndiye niliyemwambia akae." Nanzia akampa kisogo akaenda zake. Alipopona, Mbonea alirudi barabarani na mkongojo.

Nakijwa akasema, "Mawe yataondolewa na tingatinga. Amri ya mahakama haiondolewi na tingatinga." Akaenda wilayani, akatoka wilayani akaenda mkoani, akakaa kwenye mabenchi ya korido mpaka kanga ikachanika kiunoni. Mawakili wa kampuni walibadilika mara nyingi, yeye yupo. Mama yake mzazi aliugua yeye akiwa huko. Alitumiwa ujumbe arudi, na siku hiyohiyo kesi yake ilikuwa imeitwa baada ya miaka ya kuahirishwa. Akabaki. Alipofika nyumbani mama ameshazikwa, na udongo wa kaburi umeshapasuka kwa jua.

Kadeghe akasema, "Nyie mnapigana na mkono. Tumbo liko ng'ambo." Akasaidiwa nauli na watu wa makanisa, akavuka. Akasimama kwenye baridi mbele ya maduka, amevaa koti la kuazima, akimsimamisha kila anayetoka na maua. "Dada, hilo ua umelinunua, na maji yake je, unajua yametoka kwa nani?" Wengine walimsukuma. Wengine walisimama. Waliosimama wakaenda kuwaambia wenye maduka. Lakini mke wa Kadeghe alikuwa akifungasha mawaridi kule kule kwenye kampuni, maana watoto lazima wale. Oda zilipopungua kidogo tu, kampuni iliwafukuza kwanza wanawake wa kufungasha. Mke wake akampigia simu. "Umenifukuzisha kazi kwa mdomo wako," akamwambia, akachukua watoto akaenda kwao Tanga, na hakurudi.

Mngedhani hawa watatu walipendana. Wapi! Walichukiana kuliko walivyoichukia kampuni.

Nakijwa aliwahi kupata mapatano, kampuni iache maji usiku mmoja kwa wiki, ili mradi barabara iwe wazi. Mbonea akakataa kuondoa mawe, kampuni ikapata kisingizio, mapatano yakafa. "Umeniharibia," Nakijwa akamwambia mbele ya watu. "Mara moja kwa wiki!" Mbonea akamjibu. "Umekwenda kuomba makombo ya ugali wako mwenyewe." Hakimu naye akasikia habari za mawe, akaahirisha kesi, akisema hasikilizi watu wa fujo. Kadeghe alipowaonyesha picha za Mbonea akivuja damu, watu wa ng'ambo wakalia, lakini alipowaeleza habari ya mapatano ya Nakijwa, wakasema basi mambo yametengemaa, wakanunua maua. Nakijwa akamwita Kadeghe kibaraka wa wazungu, anakula mikate yao huku anauza msiba wetu. Kadeghe akamwita Mbonea mchinjaji wa watoto wa wenzake. Hilo neno lilimfikia Nanzia, na sitawaambia lilivyomfanya.

Na kila mmoja peke yake alishindwa. Mawe yaliwekwa, tingatinga likayaondoa. Amri ilitolewa, kampuni ikaifungia kabatini. Duka moja lilikataa maua, mengine mawili yakayapokea.

Mpaka ukaja msimu wa ile sikukuu ya wapendanao, ambapo huko ng'ambo kila mtu anampa mwenzake waridi. Kampuni inaishi mwaka mzima kwa wiki hiyo. Msimu huo amri ya Nakijwa ikapata askari wa kuisimamia, pampu ikazimwa, na mawaridi yakachanua machache. Hayo machache yalipopakiwa, Mbonea na watu wake wakayakalisha barabarani mpaka mengi yakanyauka ndani ya malori. Na yale yaliyoponea chupuchupu yakapanda ndege, yalipofika yakakuta watu wa Kadeghe wamejaa milangoni, na wenye maduka wakasema hayatakiwi. Ingekosekana amri, maua yangekuwa mengi kiasi cha kufidia hasara ya barabarani. Yangekosekana mawe, machache yangefika mabichi na kuuzwa kwa bei ya juu. Isingekuwa milango ya maduka, hata yaliyosinyaa yangepata mnunuzi. Kampuni ikaanguka kwa pigo la mikono mitatu.

Meneja alikuwa anapakia pampu zake kwenye lori walipomfuata wale watatu, Kadeghe naye amesharudi kutoka ng'ambo, kila mmoja na watu wake. Walitaka kujua. Mbonea akamwuliza kwanza, "Sema ukweli. Nani aliyekuondoa?"

Meneja aliwatazama, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Ningemjua, ningemmaliza huyo mapema," akasema. "Tatizo lenu mlikuwa watatu. Nikigeuka huku napigwa kule."

Akapanda lori akaenda zake. Kadeghe alipata habari baadaye kwamba kampuni imefungua upya nyuma ya mlima, kwa jina jingine, kwenye chemchemi ya watu wengine. Kwa hiyo wanaosema Mbareni ilishinda, waseme polepole.

Bomba likang'olewa. Watu wakapanda mlimani kwa vigelegele kuyapokea maji, na wakayaona. Yalikuwa membamba kama mkojo wa mbuzi. Miaka ya pampu ilikuwa imeinyonya chemchemi, na mvua za mwaka huo zilikuwa zimegoma. Hata hivyo wakaimba. Wakachomeka kizibo usiku uleule, hawakuweza kungoja hata siku moja, walitaka kuamka waione ndiva ina maji kama zamani.

Asubuhi ilikuwa na maji. Naetwe akapiga magoti akayagusa, akalia kwa sauti. Halafu akaona mkondo mwembamba unatoka chini ya ukuta, na mwingine, na mwingine.

"Nani alisiriba?" akauliza.

Watu wakatazamana. Watu wa Mbonea walikuwa barabarani miaka yote ile. Wa Nakijwa walikuwa wakimsindikiza mahakamani. Wa Kadeghe walikuwa wakikusanya picha na nauli. Kila kundi lilidhani kundi jingine ndilo linakanda udongo. Na Naetwe mwenyewe, aliyekuwa mlinzi, aliona aibu kusiriba bwawa kavu peke yake watu wasije wakamcheka. Kijiji kizima kilistahili wimbo wa kusimangwa, na hapakubaki mtu wa kuuimba.

Udongo wa kichuguu haushiki kwenye ukuta ulio chini ya maji. Ingebidi ndiva ifunguliwe kwanza, halafu isiribwe, halafu wangoje ijae tena, na kwa chemchemi ile kujaa tena kungekuja baada ya maharage kufa. Maana maharage yalikuwa yameota kwa manyunyu machache ya mwanzo. Mifereji yote mitatu ilikuwa imepandwa mbegu ya mwisho, ile ambayo watu waliiacha bila kula, watoto wakilia. Maji yaliyokuwa ndivani yalitosha mfereji mmoja. Mfereji utakaolowa utavuna. Ile mingine miwili, watu wake wataondoka Mbareni au watazikwa Mbareni.

"Kanuni inajulikana," Naetwe akasema. "Namwita aliyeyarudisha. Nani?"

Mfereji wa juu ulikuwa wa Mbonea. Huko analima Nanzia, mama wa marehemu, na wote waliovunjwa mbavu barabarani. Mbonea akaweka mkongojo chini. "Mama Naetwe, sijui kusema. Mwanetu alilipa maji haya kwa damu. Kama hayaendi kwa mama yake, basi alifia nini?"

Mfereji wa kati ulikuwa wa Nakijwa. Huko wamebaki wazee tupu, waliomchangia kuku na mayai ya nauli mpaka mabanda yao yakawa matupu. Nakijwa akasema, "Mimi mama yangu alikufa akiniita. Aliniita mimi nikachagua maji. Leo wenzake walio hai mnataka niwaambie nini? Kwamba niliyachagua yakaenda kwa wengine?"

Mfereji wa chini ulikuwa wa Kadeghe. Huko walikuwa wanawake waliofukuzwa kufungasha maua. Walipanda kwa mbegu za kuomba, maana walikuwa wamekaa miaka bila kushika jembe. Kadeghe alisimama akawatazama. Akasema, "Mimi nilishapoteza nyumba. Niacheni. Nachukua jina langu naliondoa."

"Huliondoi!" Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Alikuwa Namkunda, aliyekuwa akifungasha meza moja na mke wa Kadeghe. "Jina ni lako, njaa ni yetu. Ulitufukuzisha kazi ukiwa umesimama ng'ambo unajionea huruma. Leo simama hapa utusemee."

Kadeghe akaitikia kwa kichwa, akasema. Na mnajua kipaji chake. Alisema mpaka watu wa mfereji wa juu wakalia, watu wa kati wakalia, na alipomaliza jiwe la kwanza la ukuta wa ndani, lililokuwa chini ya maji asubuhi, lilikuwa limetokeza.

Nakijwa akasema, "Jambo kama hili haliamuliwi kwa machozi. Tukae kikao, kila mfereji utoe wazee, tusikilize pande zote. Mimi naweza kungoja."

"Maji hayangoji!" watu wakampigia kelele. Lakini alikuwa ameshakaa chini na kutandaza kanga yake magotini, kama alivyozoea.

Mbonea akachechemea mpaka kwenye kizibo, lile gogo linalochomekwa ukingoni, akaketi juu yake. "Gogo hili halitachomolewa kwa jina la mtu ambaye hakumzika mtoto," akasema. Wanaume wanne wakamvuta, wakamwacha. Mnakumbuka fimbo ya mama yake.

Basi kioneni kijiji kile. Yule mwenye kipaji cha kusema anasema. Yule mwenye kipaji cha kusubiri anasubiri. Yule mwenye kipaji cha kutosogea amekaa. Ndivyo vipaji vilevile vilivyoing'oa kampuni, na wakati ule vilikuwa vinaua maharage. Jiwe la pili likatokeza.

Nanzia ndiye aliyetoka kwenye umati. Hakuwa amezungumza na kaka yake tangu mazishi. Akamwinamia pale kwenye gogo, akasema taratibu, lakini watu wa mbele walisikia, "Mbonea. Wewe ulimwambia mwanangu akae, akakaa. Leo mimi nakuambia wewe inuka."

"Nikiinuka, watamwita mwingine."

"Inuka, kaka."

Mbonea akainuka. Hakuna aliyewahi kumwona akiinuka kwa kuambiwa. Nakijwa alipomwona, naye akakunja kanga yake akasimama, akasema hataki kikao tena. Kadeghe akanyamaza. Wote watatu wakarudi nyuma, wakamwachia Naetwe nafasi ukingoni, na hakuna aliyeondoa jina lake, kwa sababu nyuma ya kila jina kulikuwa na watoto.

Msiniambie agawe. Nimeshawaambia, maji yakigawanywa yananywewa na mfereji. Msiniambie wavune pamoja wagawane chakula, maana Namkunda alilisema hilo palepale, akajibiwa kwamba mavuno ya mfereji mmoja kwa midomo ya mitatu ni kufa wote polepole badala ya wachache haraka. Kama nyinyi mnaona wangekubali kufa polepole wakiwa wamoja, hilo nalo lisemeni. Na bado Naetwe angelazimika kuita jina moja ndipo maji yatoke, na mwenye jina hilo ndiye ambaye wajukuu wangeambiwa kwamba aliyarudisha.

Naetwe akashika gogo kwa mikono miwili. Huko chini mlimani watu wameshika majembe kwenye midomo ya mifereji mitatu, masikio wameyatega, hakuna anayekohoa. Jiwe la tatu linatokeza. Nanzia amefumba macho. Wazee wa mfereji wa kati wameketi kando ya mashina yao ya maharage, wameyafunika kwa viganja wasipate jua. Namkunda anamtazama Naetwe usoni, hapepesi.

Naetwe akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, na aliyenisimulia aliishia hapohapo. Tayari nawaona mnaanza kutazamana, yule pale anasema damu, yule anasema sheria, bibi kule nyuma anasema waliofukuzwa kazi. Bishaneni, ila msikawie kama wao. Ndiva inavuja, jamani, na mama wa watu bado amesimama ukingoni, mdomo wazi. Ungekuwa wewe ndiye Naetwe, ungeita jina la nani?